Kifua Kikuu: Aliyeacha Dawa si Mtoro

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala juu ya hoja hii: "Mgonjwa wa kifua kikuu anayeacha dawa afungwe jela." Mimi nilikuwa upande wa wapinzani. Tulishindwa, tena tulishindwa vibaya. Mtetezi mkuu alisimama akatuambia kwamba serikali inatoa dawa bure, kwamba Kenya inaponya wagonjwa 85 katika kila 100, na kwamba wale 15 wanaobaki ni wakaidi tu, watoro wa dawa, wanaotukoholea sisi ndani ya matatu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilikuwa na dakika tatu za kujibu, na dakika tatu hazitoshi kufanya hesabu. Sasa mhariri amenipa kurasa, kwa hivyo naomba tukae chini tuihesabu hiyo 85 pamoja, polepole, bila kengele.

Ugonjwa wenyewe tunaujua kutoka darasa la Bayolojia. Huletwa na bakteria ambayo daktari Mjerumani, Robert Koch, aliitangaza mbele ya wenzake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo kila mwaka. (Ishike tarehe hiyo, msomaji, tutaihitaji mbele.) TB hupitia hewani, mgonjwa wa mapafu anapokohoa, anapopiga chafya au hata anapoimba. Haipitii kwenye kikombe wala sahani, wala kwa kushikana mikono. Nasema hivi kwa sababu zipo nyumba hapa hapa Eldoret ambamo mgonjwa ametengewa kikombe chake cha bati, na dirisha la chumba chake limefungwa ndi ndi ndi, ati baridi isimwingie. Kumbe kikombe hakina kosa lolote. Dirisha ndilo lingefunguliwa.

Dawa zipo, na ni kweli kwamba katika hospitali na zahanati za umma hazilipiwi. Kwa TB ya kawaida isiyokuwa sugu, mgonjwa humeza dawa nne kwa miezi miwili, kisha hubakiza mbili, rifampisini na isoniazidi, kwa miezi minne zaidi. Jumla miezi sita. Kila siku, Krismasi na Idi zikiwemo. Kama uliwahi kuandikiwa vidonge vya siku saba ukaviacha siku ya nne koo lilipotulia, basi zidisha hizo siku saba mara 26 ndipo uanze kumhukumu mwenzako.

Wengi wetu hatujui kwamba miezi hiyo sita ilithibitishwa kwetu, Afrika Mashariki. Zamani matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu, pamoja na sindano za streptomaisini ambazo wazee wetu wanazikumbuka kwa uchungu. Mwaka 1970 watafiti wa Afrika Mashariki, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walianza majaribio katika hospitali za kanda hii kuona kama muda huo ungeweza kupunguzwa. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Waliopewa streptomaisini na isoniazidi pekee kwa miezi sita, zaidi ya robo yao walirudiwa na ugonjwa. Walioongezewa rifampisini walirudiwa wachache mno, kama 3 katika kila 100. Leo mgonjwa wa Peru au wa India anayetibiwa kwa miezi sita anafaidi makohozi na subira ya wagonjwa wa kwetu, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha shule.

Na hiyo asilimia iliyotushinda katika mjadala nayo ina asili yake jirani hapo, Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu mmoja, Karel Styblo, aliwashauri Watanzania walipokuwa wakiunda mpango wao wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua TB alipokuwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa hivyo hakuwa mtu wa kusimuliwa. Utaratibu walioujenga ulikuwa rahisi kama rejista ya darasa. Kila mgonjwa anayeanza dawa anaandikwa kitabuni. Wote walioanza katika robo moja ya mwaka wanakuwa kundi moja. Muda wa matibabu ukiisha, kitabu kinafunguliwa tena na kila jina lazima lipewe jibu moja, hakuna kuruka: huyu aliishia wapi?

Majibu ni haya. Amepona, yaani makohozi yamepimwa mwishoni na hayana bakteria. Amemaliza dawa, ingawa hakuna kipimo cha mwisho cha kuthibitisha. Dawa zimeshindwa. Amekufa. Amepotea, yaani amekaa miezi miwili mfululizo bila dawa. Na mwisho, hatukujua, pengine alihamia kwingine na hakuna aliyeuliza. Ukijumlisha majibu mawili ya kwanza unapata kile kinachoitwa kiwango cha mafanikio ya matibabu. Mwaka 1991 mkutano mkuu wa afya duniani uliweka lengo la kuponya 85 katika kila 100 ya wagonjwa waliogunduliwa. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani likatangaza TB kuwa janga la dharura, na mwaka huo huo Kenya ikaanza kuufuata utaratibu huu, hadi ukaenea nchi nzima kufikia mwaka 1997.

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na mtetezi mkuu, na naomba anisome kwa makini. Kitabu kile hakikubuniwa ili kumpa mgonjwa alama. Kilibuniwa ili kuipa kliniki alama. Swali lake halikuwa "nani mkaidi?" Lilikuwa "kati ya watu waliokuja mlangoni pako, umewafikisha wangapi mwisho?" Mtihani ule mtahiniwa wake ni zahanati, ni wilaya, ni wizara, na siku hizi ni kaunti. Sisi tumeuchukua mtihani wa mwalimu tukaanza kumchapa mwanafunzi kwa alama zake.

Tuangalie basi hizo alama. Kenya ilifikia lengo la 85 mwishoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo imekuwa ikizunguka hapo hapo, mara juu kidogo, mara chini kidogo. Si haba. Ni kazi kubwa, hasa ukikumbuka tulikotoka: mwaka 1990 nchi nzima iliandikisha wagonjwa kama 11,000 hivi, na mwaka 2007 walikuwa zaidi ya 110,000, kwa sababu UKIMWI ulikuwa umewafungulia bakteria hawa mlango. Kuongezewa kazi mara kumi na bado ukafikisha 85 ni jambo la kupongezwa, na ninawapongeza wauguzi wetu bila kinyongo.

Lakini 85 ya nani? Ya walioandikwa kitabuni. Mwaka 2023 walioandikwa Kenya walikuwa takriban 97,000. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba waliougua mwaka huo walikuwa takriban 124,000. Yaani kama watu 27,000 waliugua TB na hakuna kitabu kilichowajua. Utafiti mkubwa wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016 ulikuwa umeshatuonya hivyo. Ulikuta kwamba karibu wagonjwa 40 katika kila 100 walikuwa hawajafikiwa, na kwamba wanaume walikuwa wanaugua zaidi ya mara mbili ya wanawake. Wengi waliokuwa na dalili walikuwa hawajaenda hospitali yoyote. Walikuwa kazini.

Fanya hesabu hii ya Kidato cha Kwanza. Chukua 97,000, toa 85 katika kila 100, unapata kama 82,000. Wagawe kwa wagonjwa wote 124,000. Jibu ni 66. Katika shule nyingi 85 ni A na 66 ni B. Tulipiga makofi kwa A, na kumbe tulikuwa tumesahihisha karatasi za waliokuja mtihani tu, wale wasiofika chumbani hatukuwaweka.

Halafu tuwaangalie wale 15 walioitwa wakaidi. Masalale! Ndani ya 15 hao wamo waliokufa. Katika takwimu za Kenya kundi la waliokufa si dogo hata kidogo, kwa kawaida linalingana na kundi la waliopotea au hata kulipita. Wengi wao walifika hospitalini wakiwa wamechelewa sana, au TB ikiwa imewakuta pamoja na UKIMWI. Wamo pia ambao dawa ziliwashinda. Wamo waliohama na karatasi zao hazikuwafuata. Ukishawatoa hao wote, "wakaidi" wako wamebaki wachache katika kila 100. Ile hoja ya jela ingetuhitaji kwanza tuwakamate maiti.

Na hao wachache waliopotea, walipotelea wapi? Nitatoa mfano mmoja wa nyumbani, kwa sababu naujua mwanzo hadi mwisho. Mjomba wangu alikuwa mtu wa mkono kwa fundi wa mawe, huko Langas. Alianza dawa akiwa amekonda, usiku analowa jasho hadi shuka linakamuliwa. Mwezi wa pili ulipoisha alikuwa amenenepa, kikohozi kimekwisha, anaweza kubeba saruji tena. Akamwambia mama, "Dada, mimi nimepona." Mama akamjibu, "Ndugu yangu, kitabu cha kliniki kinasema bado miezi minne." Akacheka. Kliniki yake ilikuwa ng'ambo ya mji, na ilikuwa inatoa dawa asubuhi siku za kazi pekee. Anayekosa kufika mjengo saa moja asubuhi hupata nafasi yake imechukuliwa na mwingine, na siku hiyo hakuna pesa. Kwa hivyo kila kidonge cha bure kilimgharimu nauli ya kwenda na kurudi na mshahara wa siku. Isitoshe, dawa zile ukizimeza na huna chakula, njaa inakuja kama mtu aliyetumwa. Na rifampisini hugeuza mkojo kuwa mwekundu kama chungwa la damu. Ni jambo la kawaida lisilo na madhara, ila hakuna aliyekuwa amemwambia, naye katika choo cha mjengo wenzake waliona wakaanza kunong'ona. Mjomba aliacha. Baadaye aliugua tena, akaanza upya, na safari hiyo alimaliza, kwa sababu jirani mmoja alikuwa akimchukulia dawa. Tafadhali nionyesheni ukaidi uko wapi hapo.

Wala si mjomba wangu peke yake. Mwaka 2017 Kenya ilifanya utafiti wa gharama wanazobeba wagonjwa wa TB. Zaidi ya robo ya jamaa zilizokuwa na mgonjwa wa TB ya kawaida zilikuwa zimepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya mapato yao ya mwaka. Kwa TB sugu zilikuwa kama 86 katika kila 100. Haya yote juu ya dawa ambazo ni za bure! Nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea hazimo katika neno "bure".

Sasa twende kwenye jela, maana mtetezi mkuu aliposema "afungwe" huenda alidhani anatoa wazo jipya. Lilishafanywa, tena si mbali: Kapsabet, mwendo wa saa moja hivi kwa matatu kutoka Eldoret. Mwezi wa Agosti mwaka 2010 wanaume wawili walikamatwa kwa kuacha dawa za TB. Afisa wa afya ya umma aliwapeleka mahakamani chini ya Sheria ya Afya ya Umma, na hakimu akaamuru wawekwe katika gereza la Kapsabet kwa miezi minane au hadi wamalize matibabu. Hawakuwa wameiba. Hawakuwa wamempiga mtu. Walikuwa wagonjwa.

Fikiria hekima ya jambo hilo. Ugonjwa unaosambaa kwa hewa ya chumba kilichojaa watu, ukamtoe mgonjwa kwake ukamtie katika seli iliyojaa watu. Kama kweli walikuwa wanaambukiza, basi waliopewa adhabu ni wafungwa wenzao pamoja na maaskari jela. Na kama hawakuwa wanaambukiza, walifungwa kwa nini?

Tarehe 27 Agosti mwaka huo, nchi nzima ilipokuwa ikisherehekea Katiba mpya pale Uhuru Park, wale wawili walikuwa ndani. Walikaa siku 46. Tarehe 30 Septemba Mahakama Kuu hapa Eldoret iliamuru waachiliwe wakamalizie dawa nyumbani kwao. Lakini kesi haikuishia hapo. Pamoja na shirika la KELIN linalotetea haki za afya, walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuuliza kama kile walichofanyiwa kilikuwa halali. Jibu lilitolewa na Jaji Mumbi Ngugi mwaka 2016, na tarehe ilikuwa, ndiyo, 24 Machi. Alisema kwamba sheria inaweza kuruhusu mgonjwa wa kuambukiza atengwe kwa ajili ya usalama wa wengine, lakini kumtia gerezani ni kuvunja Katiba. Akaiagiza wizara iandike sera ya kumtenga mgonjwa kwa njia inayofaa. Sera hiyo ilitoka mwaka 2018.

Naijua hoja itakayofuata, nimeisikia mara nyingi bwenini. "Je, yule asiyetaka kabisa? Umempa nauli, umempa chakula, umembembeleza, naye anakataa na anawakoholea watoto?" Ni swali la haki na silikwepi. Mtu kama huyo yupo, na akiwa na TB sugu hatari yake ni kubwa. Atengwe, basi, lakini hospitalini, katika chumba chenye hewa, akiwa na daktari, kwa muda ambao anaambukiza tu, na baada ya kila njia nyingine kushindwa. Hilo halifanani na jela hata kwa mbali. Na tuwe wakweli: ni wagonjwa wangapi katika kaunti yetu waliokwisha kupewa nauli, chakula na maneno mazuri, ndipo wakakataa? Tunamrukia huyu wa mwisho kabla hatujawahudumia wale mia waliotangulia.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha neno. Hadi wakati huo, katika vitabu vya TB duniani, mtu aliyeacha dawa aliandikwa kwa neno la Kiingereza ambalo hutumiwa pia kwa mtu asiyelipa deni lake. Kwetu tunasema mtoro. Mwaka huo neno likaondolewa, pakaandikwa kwamba mgonjwa "amepotea katika ufuatiliaji". Wengine wanasema ni mchezo wa maneno tu. Mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, siwezi kukubali kwamba maneno ni mchezo. Mtoro amejitoroka mwenyewe, na anayemtafuta huja na kiboko. Aliyepotea ana mtu aliyempoteza, na anayemtafuta huja na tochi.

Tunajua tochi inavyofanya kazi, kwa sababu imewahi kuwashwa hapa mjini kwetu. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulipoanza kuwapa wagonjwa wa UKIMWI dawa uligundua upesi kwamba vidonge bila ugali haviendi mbali. Wakalima mashamba, wakawagawia wagonjwa chakula. Madaktari wakawa wakulima! Mwaka 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuanza kutumia nchi nzima dawa za TB zilizotengenezewa watoto, zenye ladha ya matunda na zinazoyeyuka ndani ya maji. Kabla ya hapo mama alikuwa akivunja kidonge chungu cha mtu mzima kwa kisu na kukisia kipimo, mtoto akitapika nusu. Hakuna mtu aliyependekeza kuwafunga watoto wanaotapika dawa. Walibadilisha dawa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza matibabu ya miezi sita kwa TB sugu, ambayo zamani yalifika miezi 20 au zaidi na sindano za kila siku zilizowaacha wengine viziwi. Kila mara alama zilipopanda, kilichobadilika kilikuwa upande wa anayetibu.

Na zinaweza kushuka kwa upande huo huo. Mwezi wa Januari mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Sehemu kubwa ya kazi ya TB na UKIMWI katika nchi yetu ilikuwa ikitegemea fedha hizo, na watu waliokuwa wakilipwa nazo walirudishwa nyumbani. Mgonjwa akipotea mwaka kama huo, tutamwita mtoro yeye, au waliozima tochi?

Ninachoomba si makubwa. Kaunti yetu ikitangaza alama zake za TB kila tarehe 24 Machi, itangaze na idadi ya waliokufa, waliopotea na wasiojulikana walipo, kwa hesabu ya watu wala si kwa asilimia, ili tusikie uzito wake. Ukichukua wagonjwa 97,000, 15 katika kila 100 ni watu 14,550, yaani shule zaidi ya 14 zenye wanafunzi 1,000 kila moja. Kliniki za TB zifunguliwe pia alfajiri na Jumamosi, ili mtu wa mjengo, wa boda boda na wa soko achukue dawa bila kupoteza kibarua. Wale wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa na serikali mwezi wa Septemba mwaka 2023, wanaopita mlango kwa mlango, wapewe kazi ya kuwatafuta wagonjwa mapema, wala isiwe kuwaandika majina tu.

Na sisi wanafunzi tusijitoe. Katika shule ya kulala kama yetu, vitanda vinakaribiana kiasi kwamba jirani akikohoa wewe unasema "pole" ukiwa usingizini. Mwenzetu akigunduliwa ana TB, desturi niliyoisikia katika shule nyingi ni kwamba anaambiwa aende nyumbani "hadi apone". Miezi sita! Atarudi wenzake wako kidato kingine. Ndiyo maana mwanafunzi anayekohoa huficha kikohozi ndani ya blanketi. Ilhali wagonjwa wengi, wakishameza dawa sawasawa kwa wiki mbili hivi, hawaambukizi tena, na daktari akishathibitisha hivyo hakuna sababu ya kumweka mtu nje ya darasa.

Kwa hivyo pendekezo langu kwa shule ni hili. Mwanafunzi akiruhusiwa na daktari, arudi. Dawa zake zikae katika kabati la matroni, si kwenye sanduku lake ambako kila mtu atapekua. Azimeze kwa matroni saa kumi na moja na nusu asubuhi, sote tukiwa tunagombania mabeseni na hakuna anayemwangalia mwenzake. Rifampisini huingia mwilini vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, na uji wetu hautoki jikoni kabla ya saa kumi na mbili na robo. Tena matroni amwambie mapema juu ya rangi ya mkojo. Madirisha ya bweni upande wa mashariki, yale yaliyopigiliwa misumari tangu mvua ya mawe, yafunguliwe. Misumari ni sita, nimeihesabu.